Vifungo vya Mguu wa Kuku

Kwa kusimulia mapenzi, hakuna anayeniweza. Nikianza mimi, vijana huweka simu chini na wazee hukumbuka walikoacha meno yao. Marehemu mume wangu nilimsimulia habari za mapenzi miaka yote ya ndoa yetu, na kila nilipofika pahali patamu alikuwa anakoroma. Basi nyinyi mlio macho, sogeeni.

Asubuhi ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, Mama Spika, fundi cherehani, aliapishwa na mtoto wake mwenyewe wa kumzaa.

Kiapo kilifanyika chumba cha mbele, ambacho ndicho sebule, ndicho kiwanda, na siku meza ikisalimika na vitambaa ndicho chumba cha kulia. Binti alikuwa amesimama juu ya kigoda. Mama amepiga magoti chini, anamalizia upindo wa sketi ya shule, pini zimemjaa mdomoni. Jina la Spika binti alipewa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji mtambo wowote kufika nyuma ya uwanja. Jina lile likapanda mpaka kwa mama, wateja wakalisahau alilopewa na wazazi wake.

"Mama, inua mkono wa kulia."

"Mm-mm."

"Toa pini kwanza."

Mama akazitoa, akazichomeka kifuani pa gauni lake, pale mafundi wote wanapochomeka pini na sindano na kuzisahau mpaka siku wakumbatie mtu.

"Haya, mheshimiwa."

"Sema: sitashika nguo ya mtu yeyote wa upande ule."

"Sitashika nguo ya mtu yeyote wa upande ule."

"Wala sitaongea na Brashi, wala sitamchekea, wala sitamwangalia kwa lile jicho."

"Jicho gani tena?"

"Mama! Lile la kutunga uzi kwenye sindano."

Mama Spika akainama haraka kutafuta uzi ambao haukuwa umeanguka. "Haya. Wala jicho."

"Mpaka kura zihesabiwe."

"Mpaka kura zihesabiwe. Unataka na sahihi ya damu? Shuka, sketi imekwisha."

Sasa huyo Brashi ndiye baba wa mpinzani wa Spika kwenye kinyang'anyiro cha kiranja mkuu. Kazi yake ni kuandika mabango ya maduka, na hakuna duka mtaani ambalo herufi zake hazikupita mkononi mwake. Mwanawe ni kijana mrefu, mpole, anayeitwa Taratibu, maana ukimuuliza saa atakujibu wakati saa yenyewe imeshabadilika. Nyumba zote mbili zilikuwa zimeondokewa: Spika hakumkumbuka baba yake ila kwa picha, na Taratibu alimzika mama yake akiwa bado anasoma shule ya msingi.

Wazazi hawa wawili walikutana kwenye kikao cha wazazi, wakabanwa kwenye dawati moja, magoti kwa magoti, mwalimu akisoma habari za nidhamu. Tangu siku hiyo mashati ya Brashi yakaanza kupata ugonjwa wa kudondosha vifungo. Leo cha shingoni, juma lijalo cha mkononi. Mama Spika alivishona vyote bila kuuliza. Aliona vizuri kwamba nyuzi hazikukatika zenyewe. Zilikuwa zimekatwa kwa wembe, tena na mtu aliyekuwa na haraka.

"Lakini Mama, nielewe," Spika alisema, akiweka vitabu mkobani. "Nikishinda, watasema niliachiwa na kaka yangu wa kambo. Nikishindwa, watasema mama yangu aliniuza."

"Nani kakuambia kuna kaka wa kambo?"

"Macho ninayo." Kisha ile sauti kubwa ikashuka, ikawa ya mtoto. "Na mimi je? Ukienda kule, mimi nitakuwa wa ngapi?"

Mama Spika akamshika kola, akaiweka sawa ingawa ilikuwa sawa. "Wewe ni kifungo cha kwanza. Hicho kikikosewa, koti zima linakwenda upande. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi nenda kawashinde. Nakuja nyuma yako."

Spika akatoka mbio. Mlango wa mbele haujatulia, wa nyuma ukagongwa.

"Hodi, Fundi."

Moyo wa Mama Spika ukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Akajitazama kwenye kioo cha wateja, akajishika nywele, kisha akakumbuka kiapo, akanuna kwa ajili ya kiapo.

"Hayupo!"

"Anayesema hayupo ni nani?"

"Ni mwenye nyumba. Fundi hayupo. Nenda, Brashi, nimeapa."

"Nitaondoka. Ila nifungulie uone nilichoshika, kisha wewe mwenyewe unifukuze."

Akafungua. Brashi alikuwa amevaa shati lake jeupe la heshima, limepigwa pasi mbele tu, mikononi amebeba koti la shule la mwanawe kama mtu aliyeokota ndege aliyevunjika bawa. Vifungo vya mbele havikuwepo hata kimoja, na mahali vilipokuwa palichanika.

"Amepatwa na nini?"

"Jana alipanda ngazi kutundika bango la darasa lao juu ya geti. Koti likanasa kwenye vyuma, vifungo vikarukia mtaroni. Na yeye hakuniambia mpaka leo alfajiri, unajua tena kasi ya yule bwana. Ameshatangulia shuleni kupanga maonyesho ya sayansi."

"Si avae sweta."

"Mwalimu wa nidhamu ametangaza. Mgombea asiyekamilika sare hapandi jukwaani. Jina linafutwa."

Mama Spika akalipapasa koti palipochanika.

Kila mmoja wao alijua hesabu ilivyo. Wagombea ni wawili. Jina moja likifutwa, Spika ndiye kiranja mkuu kabla jua halijapanda, bila kumtolea mtu jasho. Mama Spika hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Alihitaji kutofanya kitu tu, na kutofanya kitu alikuwa ameshaapa.

"Umepita kwa mafundi wengine?" akauliza.

"Nimepita."

"Kwa nani?"

"Nimepita... nimepita tu, nikawaza kukugongea."

"Brashi!"

"Ukiniambia niondoke nitaondoka, na wallahi sitakulaumu. Mtoto ni mtoto. Hata mimi ningekuwa wewe..." Hakumaliza. Alilikunja koti, akaanza kugeuka.

Hapo Mama Spika akaisikia sauti ya mwanawe, si ya kiapo, ile ya mezani siku chache nyuma. Spika alikuwa anatafuna huku anaonya kwa kijiko hewani: "Nikimshinda Taratibu, nataka awe amesimama pembeni yangu. Mchana kweupe. Asije mtu akaniambia nilipita kwa mlango wa uani."

"Lete hapa," Mama Spika akasema.

"Na kiapo?"

"Kiapo ni changu, koti ni lako. Lete kabla sijapata akili."

Akapiga mchaniko kwa mashine, cherehani ikalia kama mvua juu ya bati. Kisha akachukua vifungo kwenye kopo, akatunga uzi wa bluu, akakaa dirishani. Mwali wa jua ukamwangukia shingoni. Brashi akasimama mahali ambapo hakuhitaji kusimama.

"Unanizibia mwanga."

"Mimi naona umejaa tele."

"Rudi nyuma."

Akarudi nyuma hatua ya mtu asiyetaka kufika. "Fundi, kwa nini unashona vifungo hivi kwa namna hii? Wengine hupiga mistari miwili. Wewe uzi unatoka tundu moja unakwenda matatu."

"Unaitwa mguu wa kuku. Alinifundisha mama yangu. Mistari miwili ikikatika mmoja, kifungo kinaning'inia. Mguu wa kuku hauachii, mpaka mtu aukate kwa wembe." Akamtupia jicho. "Kama wanavyofanya watu wengine."

Masikio ya Brashi yakaiva. "Wembe gani?"

"Huo huo."

Wakacheka wote wawili, kwa pamoja, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyejua aweke wapi macho. Sindano ikamchoma Mama Spika kidoleni. Kabla hajakipeleka mdomoni, Brashi alishakishika. Vidole vyake vilikuwa na rangi nyekundu kwenye kucha, rangi ya bango la darasa, na vilitetemeka. Mtu yule alikuwa anaandika herufi juu ya ngazi, upepo ukivuma, bila mkono kutikisika!

"Nilikuuliza jambo," akasema kwa sauti ya chini. "Mwezi mzima unaniambia ngoja. Nijibu."

"Niachie kidole kwanza."

"Nijibu kwanza."

"Brashi, siwezi kukujibu humu ndani, tumejificha kama wezi wa kuku. Siku nikikubali, nitasema mbele za watu, jua likiwa juu, na mwanangu akinisikia." Akakivuta kidole polepole, polepole kuliko Taratibu mwenyewe. "Chukua koti lako. Pitia njia ya nyuma. Na ukiulizwa, hukunikuta."

"Nitasema nimeshona mwenyewe."

"Wewe? Wewe ambaye ulikuja kikaoni upindo wa suruali umeubana kwa stepla?"

"Nitasema nimejifunza," Brashi akasema, akaondoka anatabasamu kama kichaa.

Shuleni palikuwa panachemka. Kidato cha pili kilikuwa kinaimba kwaya upande mmoja, klabu ya sayansi inalipua kitu upande wa pili, na mabango yameufunika ukuta wa maabara hata madirisha hayaonekani. Spika alimkuta mama yake getini, jasho linamtoka.

"Mbona umechelewa?"

"Kichwa. Nilijinyoosha kidogo."

Spika akamgusa paji la uso. "Pole. Mbona huna joto?"

"Kimepoa niliposikia sauti yako. Nenda, wanakuita."

Huo ukawa uongo wa kwanza, na uongo ni kama panya, hauji peke yake.

Wagombea wakapanda jukwaani. Taratibu alikuwa amefunga koti mpaka juu, limekaa kifuani kama limezaliwa naye. Mwalimu wa nidhamu akamkagua kuanzia viatu, asione kasoro. Mama Spika, kwenye viti vya wazazi, akavuta pumzi. Ng'ambo ya uwanja Brashi alikuwa amesimama na shati lake jeupe. Mama Spika hakumtazama. Akajitahidi asimtazame. Akamtazama.

Spika alizungumza kwanza. Aliitaka maktaba ifunguliwe jioni. Aliitaka timu ya wasichana ipate mpira wao, si ule mzee unaoachwa na wavulana. Alipiga meza, walimu wakashtuka, wanafunzi wakapiga makofi mpaka vumbi likainuka. Mama yake alikuwa analia na kucheka kwa uso mmoja.

Kisha Taratibu. Akashika kipaza sauti, akakitazama kama mtu anayesoma kilipotengenezwa.

"Amesema... maktaba," akaanza. "Nakubali."

Watu wakasubiri.

"Amesema... mpira wa wasichana. Nakubali."

"Sasa wewe unagombea nini?" mmoja akapaza sauti, uwanja ukaangua kicheko.

"Mimi nimeongeza... moja tu. Kiranja mkuu... asiwafokee kidato cha kwanza."

Halafu kidato cha kwanza kizima, vile vitoto vinavyovaa sare zinazosubiri vikue, vikalipuka kama mbaazi kwenye chungu. Spika akauma mdomo. Maana aliyekuwa akiwafokea kwenye foleni ya asubuhi, mwaka mzima, alikuwa nani?

Sasa shule ile ina mtindo wake wa kupiga kura. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Wagombea husimama uwanjani wameelekea ukuta wa maabara, na kila mwanafunzi huenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Mgombea akigeuka kuchungulia, amejitoa. Hivyo watu wote huona anayeshinda, isipokuwa wale wawili wenyewe.

Kengele ikalia, uwanja ukavurugika kama kundi la siafu lililomwagiwa maji. Mstari wa Spika ukakimbia kurefuka, ukapita bomba la maji, ukafika mlingoti wa bendera. Mama Spika akasimama juu ya kiti. Mwalimu akamwomba ashuke, akashuka, akapanda tena. Masikio ya Spika, ambayo ndiyo pekee mama yake aliyoweza kuyaona, yalikuwa mekundu.

"Twende, twende, twende," Mama Spika akanong'ona.

Ndipo kidato cha kwanza kikatoka. Kilitoka kimeshikana mikono, hakikimbii, kinakwenda taratibu kwa makusudi, kikajipanga nyuma ya lile koti la bluu, mmoja baada ya mwingine. Mstari ukafika bomba. Ukafika bendera. Ukapita bendera kwa watoto wanaotosha benchi moja.

"Geukeni!" mwalimu akasema.

Spika akageuka. Mama akauona uso ule ukitafuta mwisho wa mistari, ukiupata, ukiutafuta tena ikiwa labda umekosea. Mkono wa Mama Spika ukapanda kifuani. Leo asubuhi tu, kwa kukaa kimya, angeuzuia uso ule usiwe hivi. Akajiuliza kama amefanya vema.

Lakini Spika alikuwa mtoto wake. Akafuta jicho kwa kiwiko, akapanda jukwaani kichwa juu, kwa kuwa mtindo wa shule unataka aliyeshindwa ndiye amvike beji aliyeshinda, ugomvi ufe palepale.

"Hongera," akamwambia Taratibu, na kipaza sauti kilichokuwa kati yao kikalipeleka neno uwanja mzima. "Umenipata pabaya. Kweli nafoka."

"Unafoka... vizuri lakini," Taratibu akajibu, watu wakacheka, na Spika naye akacheka kwa shida. "Nisaidie... kazi hii. Uwe makamu."

"Nitafikiria. Tulia nikuvike."

Akaushika ukingo wa koti kwa mkono wa kushoto, akalivuta lisimame, akainua beji. Jicho likashuka. Likakaa kwenye kifungo, uzi umetoka tundu moja ukaenda matatu. Likaenda cha pili. Likarudi cha kwanza.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wahenga wale naona mmoja wao alikuwa fundi cherehani.

"Taratibu," Spika akasema, "vifungo hivi nani kakushonea?"

"Ba... ba."

"Baba yako Brashi?"

"Amesema... ameshona mwenyewe. Amesema... amejifunza."

Upande wa wazazi kukatokea kikohozi, kisha kicheko, kwa sababu ile suruali ya stepla ilikuwa haijasahaulika. Spika hakucheka. Alikichukua kipaza sauti, kitu ambacho hakukihitaji.

"Mama."

Vichwa vyote vikageuka. Mama Spika akasimama.

"Naam, mwanangu."

"Nilipoondoka asubuhi, ulifanya nini?"

"Si nilikwambia? Kichwa. Nilijinyoosha."

"Hakuna mtu aliyekuja?"

"Nani aje asubuhi ile? Hata inzi hakuja."

"Na koti hili hulijui."

Mama Spika akaona milango miwili mbele yake. Akaingia ule uliokuwa umefungwa. "Mwanangu, mafundi wamejaa mji mzima. Mguu wa kuku kila mtu siku hizi anaushona. Mimi, na Mungu ananiona, mtu wa nyumba ile sijawahi kumshonea hata kifungo kimoja tangu nizaliwe!"

Hata klabu ya sayansi iliacha kulipua.

"Mama," Spika akasema polepole, "mguu wa kuku nimeutaja mimi?"

Mama Spika akaangalia chini. Kifuani pake, kati ya pini za asubuhi, sindano ilikuwa imesimama wima, na uzi wa bluu, wa rangi ya lile koti hasa, unapepea.

Spika akageukia ng'ambo ya uwanja. Pembe za mdomo wake zilianza kutetemeka, na safari hii si kwa kilio.

"Mzee Brashi, shikamoo."

"Ma... rahaba, binti yangu," Brashi akajibu, naye ghafla amekuwa na ulimi wa mwanawe.

"Samahani sana. Naomba usogee hapa juani, watu waone shati lako vizuri."

Brashi akatazama shati lake jeupe, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Kisha, mbele ya shule nzima, jua likiwa juu, akajikumbatia kifua kwa viganja vyote viwili, na vifungo vikawa vingi kuliko viganja.